Tulivyoipigia Kompyuta Mwano

Watu wa Mwanza walipenda kusema ofisi yetu ilikuwa ya washamba, na wapo wanaosema hivyo mpaka leo. Nawajibu kwamba mshamba havui viatu kuingia chumba cha kompyuta. Sisi tulivua.

Hii ilikuwa Bariadi, miaka ile biashara ya pamba ilipofunguliwa na kila mwenye mizani na turubai akawa mnunuzi. Simiyu wakati huo lilikuwa jina la mto tu. Kimkoa tulihesabiwa Shinyanga. Ushirika, uliokuwa baba na mama wa pamba, ulikuwa umelala chali, na mimi niliyekuwa mpiga chapa wake nikarudishwa nyumbani Shishiyu kwa maneno matamu na mikono mitupu. Nikashika jembe. Wifi yangu, ambaye Mungu alimpa mdomo akasahau kumpa breki, alikuwa akinipita shambani na kusema, "Karani, mstari huo umepinda, rudia tena." Wenzetu wanacheka mpaka wanashika viuno. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa naungua. Kwa hiyo kampuni moja ya watu binafsi iliponiajiri kuwa mtumia kompyuta katika tawi lake la Bariadi, niliapa mbele ya mama yangu kwamba Shishiyu nitakwenda kusalimia tu, si kupalilia.

Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, na ililindwa kuliko meneja. Ilikuwa na chumba chake, kufuli lake, pazia zito na feni, wakati mhasibu wetu alikuwa akitokwa jasho kwenye mafaili mpaka miwani inateleza. Nilikuwa nimeifumia kitambaa cheupe chenye maua, nikaifunika kila jioni kama maziwa. Mtu akitaka kupiga chafya anatoka nje kwanza. Mlinzi, mzee mmoja mpole aliyenisalimia kila asubuhi kwa Kisukuma kabla sijafika getini, "Mwangaluka mayu!", yeye hakuthubutu hata kukanyaga kizingiti. Alikuwa akichungulia tu na kuuliza kama imeamka salama.

Hata matapeli wa barua pepe walitushindwa. Bwana mmoja wa nchi ya mbali alituandikia kwamba kuna mjane wa jenerali mwenye mamilioni ya dola, na katika dunia nzima amekosa wa kumwamini isipokuwa sisi wa Bariadi. Nilimsomea meneja huku namtafsiria. Meneja wetu alikuwa mtu wa Mwamapalala, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto, na kabla ya pamba alikuwa kamanda wa sungusungu kijijini kwao. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Amesalimia?"

Nikamwambia hapana, ameanza na dola.

"Futa. Mtu anayetaja mali kabla ya kuuliza watoto wameamkaje ni mwizi, mayu."

Aliniita mayu, yaani mama, ingawa alinizidi umri. Ndiyo heshima ya kwetu. Na kipimo chake hakikutuangusha hata mara moja. Mjane mwingine alikuja, akafuata mrithi wa mfalme, akaja na mtu wa bahati nasibu ambayo hatukuicheza. Wote hawakusalimia, wote tuliwafuta. Tukaanza kujiona wajanja, na hapo ndipo penye hatari.

Asubuhi moja, msimu wa kununua ukiwa umepamba moto na wakulima wamejaa uani na marobota yao, ikaingia barua pepe kutoka kwa mhasibu wa tawi letu la Maswa. Huyu tulimfahamu, harusi yake tulikula. Na alisalimia! Aliuliza hali zetu, akatupa pole ya kazi, akasema huko kwao hawajambo ila mvua imewakimbia. Ndipo akasema ametumiwa onyo na rafiki yake. Kuna kirusi kimeingia katika kompyuta za dunia nzima, kinajificha, kinalala kimya, siku kikiamka kinakula kila kitu. Dawa za virusi hazikioni. Alama yake ni faili lenye picha ndogo ya dubu. Litafute, lifute, kisha mwambie kila unayemjua.

Angalieni vizuri barua hiyo. Haikuomba senti. Haikuomba namba ya akaunti, wala nywila, wala picha ya mtu. Iliomba tu tuwapende jirani zetu.

Nikalitafuta lile faili kama nilivyoelekezwa. Mungu wangu, lilikuwepo! Dubu huyo hapo, mdogo, amekaa ananitazama. Nikamwita meneja, akaja na soksi zake, mhasibu nyuma yake, na kwa mara ya kwanza mlinzi akaruhusiwa kuingia ili awe shahidi. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona dubu. Mlinzi akainama, akamkagua, akasema kwa maoni yake huyo ni fisi mtoto, na fisi mtoto hatembei bila mama yake.

"Lisemwalo lipo," akasema mhasibu.

Meneja akanyooka, kichwa kikakaribia feni. "Basi huu ni mwano."

Asiyekulia kwetu nimweleze. Ng'ombe wakiibwa, anayegundua anapiga yowe, na yowe hilo ndilo mwano. Ukilisikia huulizi ng'ombe wa nani, huulizi umeona kweli au umeota. Unatoka mbio na fimbo yako, na wewe unalipiga ili kijiji cha mbele kisikie, nao walipeleke mbele zaidi. Nyayo zinafuatwa mpaka zinapoishia. Nyumba itakayokutwa imemficha mwizi inahesabiwa pamoja naye. Na atakayebaki ndani wakati wenzake wanakimbia, huyo hutengwa: hasalimiwi, haazimwi moto, haombwi chumvi, mpaka atoke mwenyewe na kulipa faini. Ni desturi nzuri. Imerudisha ng'ombe wengi sana. Ila aliyeitunga hakuwa na kompyuta.

Meneja akaniamuru nikae, akaanza kunisomea cha kuandika, mikono nyuma, kama yuko mbele ya jeshi lake. Tukawaambia Mwanza makao makuu, matawi yote, wenye malori, wauza mbegu, mpaka ofisi ambazo sijui anwani zao tulizipata wapi. Na kwa kuwa yeye alikuwa kamanda na yule wa Maswa alikuwa mhasibu tu, aliona onyo lina upungufu. Akaongeza sheria yake. Hilo faili la dubu, alisema, limekutwa ndani ya folda, na folda ile ina mafaili mengine mengi yaliyokaa na mwizi miezi yote hiyo bila kupiga kelele. "Andika: mwizi asifutwe peke yake. Nyumba iliyomficha ifutwe yote."

Nikaandika. Nikatuma. Modemu ikalia vile inavyolia, kuku na mvua ya bati kwa pamoja, na mwano ukatoka Bariadi ukaenda zake duniani.

Kisha akaniambia, "Sasa yetu."

Dubu nilimfuta bila kusita, tena nilimfuta kwa chuki. Lakini ile folda nilipoiangalia, niliona ni kubwa mno. Ilikuwa karibu ni kompyuta yenyewe. Sikujua ndani yake kuna nini, nisijifanye leo kwamba nilijua. Nilikuwa mpiga chapa tu. Niliogopa vile mtu anavyoogopa kuvuta uzi kwenye nguo aliyoivaa.

"Bosi," nikamwambia, "mwizi tumemtoa. Nyumba tuiache kwanza tuone."

"Mayu, mwano haugawanywi nusu."

"Hii mashine ikifa, mimi nimekufa nayo. Wewe utabaki meneja, yeye atabaki mhasibu. Mimi ni mtumia kompyuta. Nitatumia nini?"

Akacheka kwa upole kabisa. "Nani atakufukuza kwa kutii mwano? Mimi si nipo hapa?"

Nikakataa. Nina kiburi, hata mama yangu anakijua. Nikaifunika kompyuta kitambaa, nikafunga mlango, ufunguo nikautia kwenye sidiria ambako hata kamanda haendi.

Kesho yake nikafika getini, nikasubiri salamu. Mlinzi akageuka kuangalia ukuta. Nikadhani hajaniona. "Mwangaluka baba," nikaanza mimi. Mzee wa watu akaendelea kuukagua ule ukuta, ila masikio yake yalikuwa yanatetemeka kwa aibu. Ndani, mhasibu akanipa hati za kuchapa kwa kuziweka sakafuni na kuondoka. Mchana likaja sinia la ugali na dagaa wa Kalemela, lile tulilokuwa tukila wote kwa pamoja na kugombania vichwa. Wakalizunguka sinia, wakabana mabega, pasibaki hata nafasi ya mkono wa mtoto. Nikakaa kwenye kiti changu, nikasikia wanatafuna.

Msidhani nilikuwa nachekeshwa. Siku ya kwanza nilikuwa na hasira, nikajisemea wajinga hawa, watanitafuta wenyewe. Ya pili nikaanza kusalimia kila kitu, hata mizani. Iliyofuata nilijifungia na kompyuta yangu nikalia mpaka kamasi. Sisi tumezaliwa kwenye kusalimiwa, mtu akikuuliza "mhola?" nawe ukamjibu "mhola", ndipo unajua kwamba upo. Usipoulizwa unaanza kujipapasa. Na kompyuta, pamoja na upendo wangu wote, haikuwahi kuniuliza nimeamkaje.

Nilijaribu kupata mtu wa kuniunga mkono. Nikaandika barua pepe Mwanza, nikauliza kwa adabu kama kweli ni lazima kufuta nyumba nzima. Kimya. Nikaandika Maswa. Kimya. Kila tulikotuma mwano hapakutoka jibu. Meneja, ambaye alikuwa hasemi nami lakini alikuwa anasema mbele yangu, akamwambia mhasibu kwa sauti ya uani, "Umeona kulivyotulia? Waliofuta wako salama, hakuna hata mmoja anayelalamika." Mhasibu akakubali kwamba ni kweli, hakuna anayelalamika.

Wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Nikautoa ufunguo, nikawaita.

Walikuja mbio, wamevua viatu, wamefurahi mno, mlinzi ananiambia "mwangaluka mayu" na jua liko utosini. Nikaishika ile folda nikaamuru ifutwe. Kompyuta ikakataa. Ikaandika kwamba faili hili linatumika, haliwezi kufutwa.

"Anajitetea!" akasema meneja.

Nikaamuru tena. Ikaniuliza kama nina hakika. Jamani, mashine ile iliniuliza kwa adabu kuliko binadamu yeyote wa ofisi ile. Ikaniuliza mara ya pili kwa faili lingine, na lingine. Meneja akanisogelea begani. "Sema ndiyo kwa yote." Nikasema ndiyo kwa yote. Mafaili yakaanza kuruka moja moja kwenda pipani, picha zikapotea mezani, herufi zikageuka vijisanduku, halafu kioo kikasimama hivyo hivyo, mshale haujongei. Tukaizima na kuiwasha. Ukatoka weusi, na mstari mmoja mweupe wa Kiingereza ukisema mfumo haukuonekana.

"Mfumo ndio ulikuwa nani?" akauliza mhasibu.

"Ndiye mwizi," akasema meneja. "Haonekani tena."

Jioni ile nikalipa faini ya mbuzi, maana nilichelewa kutoka mwano ukipigwa. Tukamla uani, wakulima wakaitwa, na mimi nikapewa ini kwa heshima. Sijawahi kusalimiwa na kuchekewa vile tangu nizaliwe. Na nilifurahi, sitadanganya. Nilikula ini lile nikiwa mtu tena.

Fundi alifika kutoka Mwanza baadaye sana, kwa sababu ofisi zilizomwita zilikuwa nyingi na zote zilikuwa na ugonjwa mmoja. Alikuwa mtu mzima mwenye kipara na mkoba wa disketi. Aliitazama kompyuta yetu kwa muda usiotosha kunywa chai, akaweka bisibisi chini.

"Hapa hapakuwa na kirusi," akasema. "Yule dubu ni faili la kawaida, lilikuja na mashine kutoka kiwandani. Onyo lenyewe ndilo lililokuwa uongo. Waliomfuta dubu peke yake hawajadhurika kitu. Ni ninyi, na wote waliopokea barua ya kwenu, mmefuta ubongo wa mashine kwa mikono yenu."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, ndivyo wasemavyo. Nilimwangalia meneja, nikangoja aseme neno. Alitikisa kichwa kwa huruma, akimhurumia fundi.

"Kwa hiyo lilikuwepo tangu kiwandani," akasema. "Mwizi wa hatari huwa ni yule aliyezaliwa kijijini hapo hapo." Kisha akaniambia pembeni, kwa siri, nimwangalie vizuri yule bwana, asubuhi ile ya mwano tulimtumia onyo, na hakujibu.

Fundi aliondoka bila kuagwa.

Nilidhani makao makuu watakuja juu. Nilikaa nikisubiri ukali, na nilikuwa nimepanga maneno yangu: nilikataa, nilitengwa, nilishurutishwa. Hayakuhitajika. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa ameipata barua yetu asubuhi ileile, na kwa kuwa alikuwa mtu makini, alifuta yake kwa mkono wake kabla ya chai, kisha akasimama juu ya wakuu wa idara mmoja mmoja wakifuta zao. Sasa nani angemwambia? Na yeye angemwambia nani? Ukweli wa fundi ulifika Mwanza, ukazunguka mezani, kila mtu akauona unafanana naye, wakauacha upite.

Kilichokuja ni waraka. Tawi la Bariadi linapongezwa kwa kutoa tahadhari mapema. Bila tawi hilo, waraka ulisema, hasara ingekuwa kubwa zaidi. Meneja aliusoma uani amesimama juu ya mizani. Aliusoma ukurasa wa kwanza. Wa pili aliusoma peke yake ofisini, mlango umefungwa, na alipotoka hakuniangalia.

Mchana akamtuma mlinzi stoo. Mzee akarudi amekumbatia taipureta ya zamani, vumbi tupu, akaiweka mbele yangu, kando ya kompyuta iliyokufa.

"Mayu," meneja akasema, "kuna barua gari iondoke nayo leo. Mwanza wanataka iwe ya chapa, na hapa anayejua kuchapa ni wewe tu."

Nikaingiza karatasi. Vidole vilikumbuka vyenyewe. Akaanza kunisomea, mikono nyuma, lakini sauti ile ya ng'ambo ya mto sikuisikia. Nilikuwa namwinamia ili nimsikie. Nikaandika tarehe, nikaandika Ndugu, nikauliza Ndugu nani.

"Jina lako."

Nikafikiri ni pongezi. Kweli nilifikiri hivyo. Nilikaa vizuri kabisa. Akasoma kwamba, kwa ajili ya kuzilinda dhidi ya virusi, kompyuta zote za matawi zitakusanywa na kufungiwa makao makuu, zisiguswe na mtu yeyote. Nikaandika. Akasoma kwamba kwa sababu hiyo kazi ya mtumia kompyuta tawini haitakuwepo tena kuanzia mwisho wa mwezi, na kampuni inakushukuru kwa utii wako. Nilichapa mpaka "utii", ndipo mikono ikasimama.

"Bosi," nikasema, "ulisema upo."

"Nipo, mayu," akajibu, na macho yake yalikuwa na maji. "Kama nisingekuwepo wasingeandika hata hiyo shukrani."

Nilitaka kumpiga na taipureta. Nilimwona wifi yangu amesimama kwenye tuta, ananingoja. Nikauliza tu nakala ngapi, akasema mbili, nikamalizia mstari, nikaichomoa. Aliisoma yote, polepole, kidole kikifuata maneno, akasema haina kosa hata moja. Akatia saini, akapuliza wino ukauke, halafu akanikumbusha kwamba muhuri wa ofisi huwa ninautunza mimi. Nikaenda kuuleta.